Kabla ya VAR: Kitabu cha maktaba kilichomrudisha refa mezani

UKITAKA kujua watu wanaupenda mchezo kiasi gani, usiwaangalie wakati wa kushangilia bao. Wasikilize Jumatatu asubuhi kijiweni wakibishana kuhusu refa.

Ilikuwa penalti au siyo? Straika aliotea au beki wa pembeni alimbakiza? Mpira ulivuka mstari wote au nusu? VAR ililetwa kupunguza ubishi huo, ikaingizwa kwenye sheria za soka mwaka 2018, na kilichofuata kila shabiki anakijua. Ubishi haukuisha, umehamia kwenye VAR yenyewe.

Kama unadhani ugonjwa huu ni wa soka peke yake, umekosea. Kuna mchezo mwingine ambao wachezaji wake wamebishana kuhusu refa na kanuni kwa miaka 200. Haujazi uwanja na hauna jezi. Ni mchezo wa vita wa mezani.

Unachezwa hivi. Meza inageuzwa uwanja wa mapigano, vitabu vinakuwa vilima, vijiti vinakuwa msitu. Kila mchezaji ana jeshi lake la vinyago vya askari. Umbali wa kutembea unapimwa kwa rula. Nani kapigwa na nani kapona, mara nyingi dadu ndiyo inaamua. Wanacheza kwa zamu, kama bao au drafti, ila hapa hakuna vishimo wala miraba.

Watu wazima wanacheza hivyo? Ndiyo, tena kwa moyo wote. Na waliouanzisha waliacha maandishi ambayo nusura yapotelee kwenye masanduku na rafu za maktaba. Miaka ya karibuni maandishi hayo yamerudi mikononi mwa watu, na mtu wa soka akiyasoma atajikuta yuko nyumbani kabisa.

REFA ALIANZIA JESHINI

Mwaka 1824, huko Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, luteni kijana aitwaye Georg von Reisswitz alitoa kitabu cha kanuni za mchezo ulioitwa Kriegsspiel. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye miaka zaidi ya kumi nyuma alimtengenezea mfalme meza ya kuchezea vita.

Kijana akaiondoa meza ya kifalme, akaweka ramani. Vikosi vikawa vipande vidogo, upande mmoja mwekundu na mwingine wa bluu. Zamu moja ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Dadu na majedwali vilionyesha hasara.

Lakini jambo kubwa aliloliweka ni refa.

Wachezaji hawakugusa vipande wakati mchezo ukiendelea. Waliandika amri kwenye karatasi, wakampa refa. Refa ndiye aliyesogeza vikosi, na ndiye aliyeamua kila upande uone nini. Kama kikosi cha adui kimejificha nyuma ya kilima, wewe hukioni hata kama refa anakijua. Na kama amri yako inapelekwa na mjumbe mwenye farasi, inafika kwa kuchelewa.

Mfikirie kocha aliyesimama kwenye mstari. Anaona beki wake wa kulia anavuta mbele mno, anapiga kelele, anapunga mikono. Ujumbe unafika dakika tatu baadaye, na bao limeshaingia. Reisswitz aliiweka hali hiyo kwenye karatasi kabla soka halijawa na kitabu cha sheria.

Mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, alipoonyeshwa inasemekana alianza kwa kutilia shaka, akamaliza kwa kusema huu si mchezo bali ni shule ya vita. Akaagiza usambazwe jeshini. Reisswitz mwenyewe hakufaidi matunda yake, kwani alikufa mwaka 1827. Lakini Prussia ilipoichapa Ufaransa katika vita vya 1870 na 1871, majeshi mengine yakataka kujua siri, na mchezo huu ukawa miongoni mwa vitu walivyokwenda kuiga.

KITABU KIKANENEPA, UBISHI UKABAKI

Hapa ndipo kijiweni kwetu panapofanana na Berlin.

Kila palipotokea ubishi, kanuni mpya iliongezwa. Kila kanuni mpya ilikuja na jedwali lake. Kufikia miaka ya 1870 maofisa walikuwa wanatumia muda mwingi kufunua kurasa na kupiga hesabu kuliko kufikiria mapigano. Mchezo ukawa mzito kama timu inayopiga pasi za nyuma dakika zote 90.

Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akatoka na pendekezo kali. Tupeni majedwali. Acheni dadu. Mwekeni refa mwenye uzoefu wa vita, aangalie hali ilivyo, atoe uamuzi, mchezo uendelee.

Kambi zikawa mbili. Wa kwanza walisema refa ni binadamu, ana upendeleo, bora kitabu. Wa pili walisema kitabu hakioni uwanja, bora mtu. Hebu niambie hoja hizo hujazisikia wiki hii.

Soka lenyewe lilipita njia hiyo kwa kuanzia upande wa pili. Sheria za kwanza za chama cha soka cha Uingereza, zilizopitishwa London mwezi Desemba 1863, zilikuwa 13 tu, na hakuna hata moja iliyomtaja refa. Iliaminika kuwa waungwana wataelewana wenyewe. Hawakuelewana. Mwaka 1874 waamuzi wa kila upande wakaingia kwenye sheria, na mwaka 1891 refa mmoja akaingia katikati ya uwanja na madaraka kamili. Mwaka huohuo penalti ikazaliwa. Leo sheria ziko 17, na waungwana bado hawajapatikana.

DARINI USWISI, SAKAFUNI UINGEREZA

Mpaka hapo mchezo ulikuwa wa maofisa. Raia waliuingia kwa mlango wa nyuma, kupitia vinyago vya watoto.

Majira ya baridi ya 1881 kuingia 1882, mwandishi Robert Louis Stevenson, yule wa hadithi ya Kisiwa chenye Hazina, alikuwa Davos, Uswisi, akitafuta nafuu ya mapafu. Darini kwenye nyumba waliyopanga, yeye na mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, walichora ramani kwa chaki sakafuni na kupigana vita vya wiki nzima kwa vinyago vya madini ya risasi.

Kilichonivutia mimi kama mwandishi wa michezo ni kwamba Stevenson hakuridhika na kucheza. Alikuwa anaandika ripoti. Alibuni magazeti ya upande huu na upande ule, yenye habari za mapigano, tetesi na lawama kwa majenerali. Yaani mechi ikiisha, anakaa kuandika kurasa za michezo za nchi ambayo haipo. Osbourne alizitoa hadharani mwaka 1898 kwenye jarida la Scribner's la Marekani, wakati Stevenson ameshafariki.

Mwaka huohuo wa 1898 Mwingereza Fred T. Jane alitoa kanuni za vita vya meli. Kwake dadu hapana. Mchezaji alishika kibao chenye pini, akapiga picha ya meli ya mpinzani, na tundu la pini likaonyesha bomu limetua wapi. Kitabu chake cha kuorodhesha meli za kivita za dunia, ambacho baadaye kilikuja kuwa maarufu majeshini, kilianza kikiendana na mchezo huo.

Lakini aliyeufikisha mchezo sebuleni ni H.G. Wells, mtunzi mwingine mkubwa wa Kiingereza. Mwaka 1913 alitoa kitabu chembamba kiitwacho Little Wars, maana yake vita vidogo.

Wells alikuwa na mzinga wa kuchezea wenye springi, uliorusha kijiti cha mbao. Mzinga huo ndio ukawa refa wake. Kijiti kikimwangusha askari, amekufa. Kikimkosa, yuko hai. Hakuna dadu, hakuna jedwali, hakuna wa kumlalamikia. Ni sawa na mpira uliogonga nyavu, hapo hata mpinzani wako hana la kusema.

Kanuni zake nyingine zilikuwa fupi hivyohivyo. Askari wa miguu anatembea futi moja kwa zamu, kama sentimita 30. Mpanda farasi futi mbili. Mzinga haufyatui kama hauna watu wanne karibu yake. Kila zamu ina muda wake kwa saa, ukichelewa shauri yako. Wells anaeleza wazi kwamba kanuni hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Walicheza, wakagombana, wakarekebisha, wakacheza tena.

VITA AMBAVYO HAVINA REFA

Ukurasa wa mwisho wa Wells haukuwa wa kuchekesha. Aliwashauri wafalme na majenerali wanaopenda vita wakacheze vya mezani, waache dunia ipumue. Alisema mtu akishacheza vita vidogo mara chache, ataelewa vita vikubwa vinavyoweza kuvurugika.

Hawakumsikiliza. Mwaka uliofuata, Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza Ulaya. Novemba mwaka huohuo mizinga ya kweli ilikuwa inalia Tanga, Waingereza na Wajerumani wakipigana kwenye ardhi ya watu wengine.

Na shabiki wa soka wa Dar es Salaam analitaja jina la vita hivyo kila msimu bila kujua. Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Afrika Mashariki mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakimalizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Tunaposema derby ya Kariakoo, tunatamka jina lililobaki kutoka kwenye kambi ya wapagazi wale.

Kwenye meza ya Wells, vinyago vilivyoanguka vilirudishwa kwenye boksi kusubiri mechi ya kesho. Mchezo una kanuni, una muda na una mwisho. Vita vya kweli havina hata kimoja cha kuaminika, na hakuna wa kupuliza filimbi.

MTAALAMU WA VIUNGO WA SOUTHAMPTON

Baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyeubeba mchezo huu alikuwa mtu ambaye sisi wa kurasa hizi tungemwita mwenzetu. Donald Featherstone alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo mjini Southampton, England. Aliandika hata kitabu cha mwongozo kuhusu majeraha ya wanamichezo, kwa ajili ya makocha na watu wa benchi la ufundi.

Mchana alikuwa anahangaika na magoti na misuli ya nyama za paja. Jioni alikuwa na majeshi yake mezani. Vita vya kweli alivijua, kwani alikuwa kwenye kikosi cha vifaru. Mwaka 1962 alitoa kitabu War Games, na wachezaji wengi wa Uingereza wanakihesabu kuwa ndicho kilichowaingiza kwenye mchezo.

Ndani yake kulikuwa na kanuni za zama tatu. Za vita vya kale zilitoka kwa rafiki yake Tony Bath, za Vita Kuu ya Pili zilitoka kwa Lionel Tarr, na zile za zama za farasi na bunduki akaziweka mwenyewe. Zote fupi. Na msimamo wake ulikuwa kwamba kanuni ni mwanzo wa safari. Chukua, jaribu, badilisha, tengeneza zako.

Kuanzia mwaka huohuo wa 1962 akawa anatoa jarida dogo la kila mwezi la wachezaji, likaendelea mpaka 1980. Majarida ya namna hiyo yalichapwa nakala chache, mengine kwa stensili, yakatumwa kwa posta kwa wanachama waliotawanyika. Ukihama nyumba, sanduku likitupwa, kanuni zimekwenda na maji.

Wakati huohuo ugonjwa wa Berlin ukarudi. Miaka ya 1970 vitabu vya kanuni vilianza kunenepa tena. Aina za silaha, aina za ngao, alama za kujumlisha na kutoa kabla hujatupa dadu. Wapo walioupenda usahihi huo. Wapo waliochoka, kwa sababu mechi ya jioni moja ikawa haimaliziki.

KITABU CHA 1880 CHAOKOTWA

Sasa twende Marekani, kwenye tukio ambalo kwangu ndilo linaloonyesha kwa nini maandishi ya zamani yasitupwe.

Miaka ya 1960 mjini Minneapolis na jirani yake St. Paul kulikuwa na kundi la vijana waliocheza vita vya enzi za Napoleon. Kama kawaida, walikuwa wanagombana kuhusu kanuni. Mmoja wao, David Wesely, akaenda kupekua maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Akakuta kitabu kiitwacho Strategos, kilichoandikwa mwaka 1880 na luteni wa jeshi la Marekani, Charles Totten.

Totten alikuwa amebeba kwenye kitabu chake kile kilichoanzia Prussia. Refa mwenye madaraka. Mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, hata lisiloandikwa, na refa ataamua linawezekana au la.

Wesely akalichukua wazo hilo, akalirudisha mezani baada ya miaka zaidi ya 80. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaandaa mchezo alioupa jina la mji wa kubuni, Braunstein. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, alimpa kila mtu nafasi yake mjini. Huyu meya, yule mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo.

Kilichotokea hakikuwa kwenye mpango. Wachezaji wakaanza kunong'onezana pembeni, wakala njama, wawili wakataka kupigana wao kwa wao, na Wesely akalazimika kubuni kanuni ya pambano hilo palepale. Mapigano yenyewe ya majeshi hayakufika. Wesely akaona ameharibu, mchezo umemponyoka. Wenzake wakamwambia walifurahi mno, wanataka mwingine.

Kati ya waliokuwepo kwenye kundi hilo alikuwa Dave Arneson. Akalichukua wazo, akaliweka kwenye ulimwengu wa mazimwi na ngome. Baadaye akaungana na Gary Gygax, ambaye mwaka 1971 alikuwa ametoa na Jeff Perren kitabu cha vita vya zama za kati, Chainmail. Mwaka 1974 ukazaliwa mchezo wa Dungeons & Dragons, nakala za kwanza zikiwa 1,000 tu.

Kutoka kwenye nakala hizo 1,000, dunia ya michezo ya kompyuta ilichota mengi. Ule mtindo wa mhusika kuwa na alama za nguvu na akili, kupata uzoefu na kupanda daraja, ulienea kutoka huko. Kijana anayecheza Football Manager usiku kucha, akitazama beki wake ana alama 14 au 17 kati ya 20 kwenye kukaba, yuko kwenye ukoo huohuo.

Na yote hayo yalipita kwenye kitabu kimoja kilichokaa maktaba bila wa kukisoma. Kingekuwa kimeuzwa kama karatasi za kufungia maandazi, Wesely asingekikuta.

WANAORUDISHA VITABU

Uingereza, tangu miaka ya 2000, mwanahistoria John Curry amekuwa akiendesha mradi wa kuchapa upya maandishi ya awali ya mchezo huu. Vitabu vya Featherstone vimerudi. Kanuni za meli za Fred Jane zimerudi. Kazi za Tony Bath zimerudi. Mmarekani Jon Peterson naye alitoa mwaka 2012 kitabu kinene kinachofuatilia njia yote, kutoka Reisswitz mpaka Gygax.

Wachezaji wa leo wanaozirudia kanuni hizo hawafanyi hivyo kwa kumbukumbu tu. Wanazicheza. Wanagundua kwamba kanuni ya ukurasa mmoja inamaliza mechi kabla ya chakula cha usiku, na kwamba refa mmoja mnayemwamini anafanya kazi ya majedwali 20.

Hapo ndipo somo la soka lilipo. Reisswitz, Verdy, Wells na Wesely kila mmoja alifika mahali pamoja kwa njia yake. Kanuni ikiwa fupi na wote wanaijua, ubishi unapungua. Ikibaki sehemu ambayo kitabu hakiioni, anahitajika mtu, na mtu huyo lazima aaminiwe na pande zote. Imani hiyo hainunuliwi kwa kuongeza kamera wala kurasa. Inajengwa kwa uamuzi mmoja baada ya mwingine, na kwa refa kueleza alichokiona.

Na kuna la pili, la kwetu zaidi. Kila mtaa una kanuni zake za chandimu. Kona tatu penalti. Mwenye mpira hawekwi benchi. Goli la juu ya kimo cha kipa halihesabiwi. Nani aliziandika? Hakuna. Ziko vichwani mwa wazee waliozicheza miaka ya 70 na 80 kwenye viwanja ambavyo leo ni maghorofa.

Wajerumani waliandika mchezo wao, na uliposahaulika kuna kijana alikuta pa kuanzia. Wazee wetu bado wapo, na daftari ni bei rahisi. Aliye na babu aliyecheza chandimu Ilala au Ng'ambo, akae naye kabla ya mechi ya leo jioni, amuulize walikuwa wanaamuaje mpira ukigonga jiwe la goli. Halafu aandike na tarehe.